Ukuta wa Vioo Mbele ya Msitu

Mafundi walimwita Rula. Mwanzoni walimwita hivyo akiwa amewapa mgongo, baadaye wakajisahau wakamwita mbele yake, naye hakuonyesha kukasirika, basi jina likaganda. Hakuna aliyewahi kumkuta kwenye jengo bila rula ya chuma katika mfuko wa nyuma wa suruali. Alikuwa msanifu majengo, mwanamke wa miaka arobaini na minne, hana mume wala mtoto, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba hata wasiompenda walimheshimu. Kazi yake ilikuwa nyumba za mashambani, za watu waliochoshwa na kelele za mji wakatafuta kiwanja penye miti na hewa. Mteja akimwuliza nyumba yake itafanana na nini, alijibu neno moja siku zote: "Itafanana na pale ilipo."

Alikuwa na dada mmoja tu, aliyemzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemfulia sare za shule, na ndiye aliyesimama mbele ya baba yao na kusema mdogo wake atasomea uchoraji wa majengo hata kama ukoo mzima utanuna. Kwa hiyo dada alipomwomba amchoree nyumba, Rula aliweka kando kila kitu.

Nyumba ilikuwa kwa ajili ya shemeji. Shemeji yake alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alitembea na vyombo vyake begani, akiwapimia watu viwanja, na katika mizunguko hiyo alikiona kipande kimoja cha ardhi kilichomkaa moyoni: mteremko mdogo unaoangalia msitu, na chini yake kijito. Alikinunua, akapanga kustaafia hapo. Kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa, kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakampotea, yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "hapana".

Ukimletea chai, hapana, na huku anapokea kikombe. Ukimsalimia, hapana. Wageni wakiaga, hapana, hapana, na tabasamu juu. Daktari aliwaambia akili yake iko sawasawa. "Anaelewa kila mnachosema," alisema. "Kilichokatika ni njia ya kutokea maneno." Waliitikia kwa vichwa. Lakini mtu akikujibu hapana kwa kila kitu mwaka mzima, sikio linachoka, na mwishowe wakaacha kulisikia.

"Sitaki makuu," dada alimwambia Rula. "Nataka akae mahali auone ule msitu wake. Basi."

Rula alikwenda kiwanjani akakaa siku nne. Asubuhi alikaa kwenye jiwe akitazama mwanga ulivyoshuka kutoka vilele vya miti. Mchana alipima kivuli. Jioni alisikiliza kijito. Alijaza daftari zima. Aliporudi mjini alikuwa ameshaiona nyumba yote kichwani. Kuta za pembeni zingejengwa kwa mawe yaleyale ya kiwanjani, ya rangi ya kijivu yenye madoa ya kuvu, ili zionekane kama zimechomoza ardhini zenyewe. Paa lingekuwa la chini, limefunikwa udongo na kuoteshwa majani. Na uso wa mbele, ule unaoangalia msitu, ungekuwa wa vioo vitupu, mita kumi na sita kutoka kona hadi kona, vioo vya kuakisi. Mtu aliye ndani angeuona msitu wote. Aliye nje asingeona nyumba. Angeona msitu ukijitazama.

Siku ya kufunga vioo, fundi wa vioo, mtu mzima mwenye makovu ya kukatwa kwenye kila kidole, alisimama mbele ya kioo cha kwanza akaikuna shingo yake kwa muda.

"Rula," alisema, "hiki tumezoea kukifunga mjini, kwenye maofisi. Huku kuna ndege."

"Ndege wana macho, fundi."

"Wanayo. Ndiyo maana nauliza."

Rula alicheka, akamwambia aangalie vizuri mipira ya kwenye fremu isije ikavuja mvua.

Nyumba ilipokamilika ilikuwa jambo la kusimuliwa. Ungeweza kupanda ile njia ya changarawe ukabakiza hatua thelathini kufika na usijue kwamba mbele yako kuna sebule, vyumba vitatu na jiko. Uliona miti, na mawingu, na kisha ukajiona wewe mwenyewe unakuja. Jarida moja la ujenzi likachapisha picha zake kurasa sita. Watu wawili wakamfuata Rula wakitaka uso wa namna ileile, naye akawajengea mwaka uleule, mmoja nyuma ya mwingine. Na kabla mwaka haujatimia tangu dada na shemeji wahamie, chama cha wasanifu kikamwandikia: nyumba yake ni miongoni mwa tatu zilizobaki kwenye tuzo kuu, na waamuzi watakuja kuitazama kwa macho yao.

Rula alisoma barua hiyo amesimama, akaisoma tena ameketi. Alikuwa amengoja barua kama hiyo miaka ishirini.

Mwaka huo wote alikuwa amemtembelea dada yake mara tatu tu, kila mara alasiri, na kila mara akipiga simu kwanza. Safari hii hakupiga. Zilikuwa zimebaki siku tisa waamuzi wafike, na alitaka kuangalia kama mawe ya ukutani yana madoa ya maji. Aliondoka mjini alfajiri, akaegesha gari chini ya njia, na saa mbili asubuhi alikuwa anapanda kwa miguu.

Dada yake alikuwa amechuchumaa kwenye baraza la mawe, chini ya vioo, na ndoo na kizoleo kando yake. Alikuwa anaokota kitu. Alimsikia mgeni, akageuka, akajaribu kuisogeza ndoo nyuma ya kanga yake kama mtoto aliyefumaniwa.

"Hukusema unakuja," alisema.

"Unafanya nini, dada?"

"Nafagia."

Rula alisogea akachungulia. Ndani ya ndoo mlikuwa na ndege sita. Tetere wawili, shore mmoja, chozi mdogo wa kijani aliyemetameta kama kitambaa cha bei, na wengine wawili asiowajua. Shingo zao zilikuwa zimelala upande usio wa kawaida.

"Leo ni sita," dada alisema, maana hakukuwa tena na cha kuficha. "Juzi walikuwa kumi na mmoja. Ukungu ukitoka na jua likapiga, ndipo wanapokuja kwa wingi. Wanaona miti, wanaifuata."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Mwaka mzima? Na hukuniambia?"

Dada alinyanyuka taratibu, mkono kiunoni. "Ningekuambiaje, mdogo wangu? Kila ukija unasimama pale njiani unaitazama hii nyumba kama mzazi anavyomtazama mtoto wake siku ya kupokea cheti. Nilisema nitazoea. Nina shimo langu kule nyuma ya tangi, nawazika kabla jua halijawa kali. Mimi nimezoea. Yeye ndiye hajazoea."

Shemeji alikuwa kwenye kiti chake katikati ya sebule, mahali Rula mwenyewe alipopachagua kwenye ramani kwa alama ya msalaba. Chai ilikuwa imepoa mbele yake. Dada alieleza kwa sauti ya chini kwamba siku hizi hali chochote asubuhi. Anakaa ameshika mkono wa kiti, anangoja. Rula alichuchumaa kumsalimia, na wakati huohuo kitu kikagonga kioo. Hakikuwa kishindo kikubwa, ni kama mtu ametupa soksi iliyolowa. Kwenye kioo paliachwa alama ya vumbi, mbawa mbili zimekunjuliwa, na hata manyoya ya shingo ungeweza kuyahesabu.

"Hapana," shemeji alisema. Alimgeukia Rula na jicho lake la upande mzima likamkazia. "Hapana. Hapana."

"Nimesikia, shemeji," Rula alimjibu, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa, akamrekebishia blanketi magotini.

Walitoka nje tena, dada akasema alilokuwa amelifikiria kwa miezi. Kuna mashuka ya zamani kabatini. Yakitundikwa nje, kutoka kwenye ukingo wa paa, hata ovyoovyo, ndege watajua hapa kuna ukuta. Hilo ndilo aliloomba tu.

Rula alitazama ule uso wa nyumba. Msitu ulikuwa ndani ya vioo vyake mzima, kila jani mahali pake. Akayaona mashuka kichwani, yale ya maua mekundu.

"Siku tisa, dada," alisema. "Nipe siku tisa tu. Waamuzi wakishaondoka, kesho yake namleta seremala, tunafunga kitu cha kudumu, kizuri. Nakuapia."

Dada aliokota ndoo. "Siku tisa mara sita ni ngapi?"

"Usinifanyie hesabu."

"Sikufanyii. Nakuuliza kwa sababu anayechimba ni mimi."

Lakini hakubisha zaidi. Alikuwa amemlea, na mtu uliyemlea ni vigumu kumnyima alichokingojea maisha yake yote. Alikwenda nyuma ya tangi na ndoo yake. Rula alikagua mawe, akakuta hayana madoa, akaondoka.

Mchana huohuo, ofisini, alitafuta. Hakuhitaji hata saa moja. Jambo lenyewe lilikuwa linajulikana siku nyingi; watu walikuwa wamelipima, wameliandika, wamelichorea michoro. Kioo kinachoakisi miti kinaua ndege, na dawa yake ni rahisi: weka alama upande wa nje, mistari ya wima, nafasi kati ya mstari na mstari isizidi upana wa kiganja. Kipimo cha kiganja. Yeye aliyepima kila kivuli cha kile kiwanja hakuwahi kuuliza. Alihisi aibu ikimpanda shingoni ingawa ofisini hapakuwa na mtu. Kisha akafanya kile ambacho watu hodari hufanya ili wapate kutulia: akachora. Mbao nyembamba za wima, zisizopakwa rangi, zikisimama nje ya vioo. Alipima, akamwandikia seremala, akapanga siku. Siku ya kumi. Alipotuma ule mchoro aliona kama kazi imeshafanyika nusu.

Waamuzi walikuja watatu: profesa mstaafu aliyetembea mikono nyuma, mama mmoja mhandisi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na katibu wa chama na kamera yake. Dada alikuwa ameamka mapema kuliko siku zote. Baraza lilikuwa limedekiwa na vioo vimefutwa, hakuna hata unyoya.

"Mbona nyumba siioni?" profesa alisema walipofika kwenye changarawe, akasimama.

"Mimi nimemwona bwana mmoja mtanashati anatujia," katibu alidakia, "kumbe ni mimi."

Walicheka. Rula naye alicheka, na kwa dakika kadhaa alisahau kila kitu. Alieleza mawe, akaeleza paa, akaeleza jinsi mwanga wa saa tatu unavyoingia mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Profesa alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Kisha yule mama mhandisi, aliyekuwa hajasema lolote, akainama akatazama sehemu ya chini ya kioo kwa karibu.

"Na ndege?" aliuliza. "Hawagongi hapa?"

Dada alikuwa anatoka na sinia la vikombe. Alisimama mlangoni.

"Mara mojamoja sana," Rula alisema.

Mhandisi alimtazama kidogo, akaandika kitu. Dada alimtazama pia. Aliweka sinia mezani, akarudi jikoni, na mlango wa jiko akaufunga polepole mno.

Rula aliwaongoza wageni nyuma ya nyumba, waone jinsi majani ya paa yanavyoshuka yakakutana na kilima na jinsi maji ya mvua yanavyokusanywa. Walikuwa huko robo saa hivi. Katibu alikuwa amepiga goti akipiga picha ya mfereji waliposikia bati likigonga mawe, likabiringika, kisha sauti ya dada ikiita jina la mumewe.

Shemeji alikuwa amelala ubavu kwenye baraza. Fimbo yake ya miguu minne ilikuwa imeanguka upande mmoja, kopo la chokaa upande mwingine, na ile chokaa nyeupe ilikuwa inamwagika ikifuata viungio vya mawe. Mafundi walikuwa wameacha mfuko nusu kwenye stoo, na hakuna aliyekumbuka kwamba upo. Yeye alikumbuka. Alikuwa ameikoroga mwenyewe kwa mkono mmoja, akaichukua mpaka nje kopo likining'inia kwenye fimbo, na kwa mkono wa kushoto ambao hakuwahi kuuzoea alikuwa amepiga mistari kwenye kioo, kutoka usawa wa goti hadi mkono ulipoishia. Mistari tisa. Ilitetemeka na mingine ilikwenda upande. Lakini nafasi kati yake zilikuwa sawa, zote, upana wa kiganja. Alikuwa amepima kwa kiganja chake. Wa kumi ulianzia juu, ukashuka na kukatika pale alipoteleza.

Mama mhandisi alikuwa wa kwanza kupiga magoti, akamshika kichwa kisisogee. Profesa alisimama na mikono yake mbele, hajui aiweke wapi. Rula alipiga magoti upande wa pili, chokaa ikimlowesha suruali. Shemeji alimtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa maumivu.

"Hapana," alimwambia, taratibu, kama mtu anayemweleza mwanafunzi asiyeelewa upesi.

Na Rula, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, alilisikia lile kama neno. Alijua ni mara ngapi lilikuwa limesemwa mbele yake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini walimfanyia upasuaji siku iliyofuata, na daktari hakuficha: mtu aliyekuwa anajikongoja kwa upande mmoja, akivunjika nyonga ya upande mzima, matumaini ya kusimama tena ni madogo. Dada na mdogo wake walikaa kwenye benchi la korido, mkoba wa nguo kati yao. Watu walipita na karatasi zao.

"Amekuwa akituambia," dada alisema mwishowe. "Kila asubuhi. Mimi nikamwona mgonjwa. Mimi mkewe." Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Hilo langu nitalibeba mwenyewe. Lakini lile ulilomjibu yule mama, mbele yangu, na sinia mkononi mwangu, lile ni lako."

"Najua."

"Sikukulea hivyo."

"Najua, dada."

"Basi usiniambie unajua. Nenda kanunue maji."

Rula alikwenda akanunua maji. Aliporudi, dada yake alikuwa ameuhamishia mkoba upande wa pili ili kumpisha akae karibu, lakini alikuwa anatazama dirishani, na chupa aliipokea bila kugeuka.

Wiki ya pili katibu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari njema kwa aliyefiwa. Alimpa pole kwanza kwa ajili ya mzee, kisha akamwambia ameshinda. Wawili kati ya watatu wamempa alama za juu kabisa. Na kuhusu ile chokaa asijali, picha zilipigwa kabla.

"Nani hakunipa?" Rula aliuliza.

Katibu alisita. "Mhandisi. Aliandika kwamba swali lake halikujibiwa."

"Lilijibiwa. Nilimdanganya. Ndege wanakufa pale kila siku, mwaka mzima sasa, na nilijua tangu siku tisa kabla hamjaja. Naomba mniondoe."

"Rula, sikiliza. Una majonzi. Ndege ni ndege. Hakuna nyumba isiyo na kasoro."

"Nitakuandikia, maana kwa mdomo naona hunisikii."

Aliandika ukurasa mmoja. Alitaja idadi ambazo dada yake alikuwa amezihifadhi kichwani, na akataja jibu alilolitoa na nani alilisikia. Tuzo ilikwenda kwa aliyejenga shule. Wenzake katika kazi wakagawanyika: wengine walisema amerukwa na akili, wengine wakasema amejitafutia sifa kwa njia ya mzunguko. Wateja wawili waliokuwa wanangoja michoro hawakurudi. Yeye aliyasikia yote hayo na hayakumpunguzia wala kumwongezea kitu, maana kila alipofumba macho alikuwa anaona mstari wa kumi.

Seremala alifunga zile mbao siku tano mfululizo. Fundi wa vioo alikuja kumsaidia kutoboa fremu bila kupasua kitu. Rula alifanya nao kazi, akishika mbao, akipima nafasi, na muda wote alikuwa anangoja yule fundi mzee amkumbushe onyo lake. Mzee hakusema. Siku ya mwisho Rula akashindwa kuvumilia.

"Ulinionya, fundi."

"Niliuliza tu," yule fundi alisema, akipangusa vumbi kwenye keekee yake. "Ningekuwa na uhakika ningekataa kazi. Sikuwa nao, na nilitaka kazi. Shika hapo, usiachie."

Mbao zilipokamilika, nyumba ilionekana. Ukipanda njia sasa uliiona tangu chini, ndefu, ya mistari, kama ghala la kukaushia mazao lililojengwa na mtu mwenye subira. Halikuwa jambo la kurasa sita. Wiki ya kwanza alikufa ndege mmoja. Kisha zikapita siku kumi na mbili bila hata mmoja, kisha mmoja tena, asubuhi ya ukungu. Dada alimtumia ujumbe kila mara, idadi tu, bila salamu.

Zilikuwa zimebaki zile nyumba nyingine mbili. Rula alikwenda ya kwanza mwenyewe. Wenyewe walikuwa mume na mke waliostaafu ualimu. Walimsikiliza wameshikana mikono, na alipomaliza, mke akaanza kulia. Walidhani ni paka wa jirani. Walikuwa wamegombana na jirani huyo mpaka hawasalimiani. Siku hiyohiyo wakabandika mistari ya karatasi kwenye kila kioo, wakingoja mbao.

Mwenye nyumba ya pili alikuwa na kiwanda cha magodoro na muda mchache. Alimpokea amesimama.

"Hapa hakuna kitu kama hicho," alisema. "Mtunza bustani wangu anafagia pale kila siku alfajiri, hajawahi kulalamika."

Rula alingoja yule bwana aisikie sentensi yake mwenyewe. Hakuisikia. Alimweleza tena, akamwonyesha mchoro, akamwambia kazi ataisimamia yeye na hatamdai chochote. Mwenye nyumba aliutazama ule mchoro, kisha akautazama uso wa nyumba yake, ambamo bustani nzima ilikuwa inang'aa mara mbili.

"Uliniuzia nyumba isiyoonekana," alisema. "Sasa unataka kunifungia uzio machoni. Hapana, mama. Nyumba ni yangu."

Njiani kutoka getini Rula alimwona mtunza bustani akisukuma toroli lililofunikwa gunia. Walitazamana. Mtunza bustani akashusha macho akaendelea kusukuma.

Shemeji alirudi nyumbani mwezi wa tatu baada ya kuanguka, kwenye kiti cha magurudumu. Dada alimpigia Rula simu, mara ya kwanza tangu siku ya upasuaji. "Njoo Jumapili," alisema. "Ila nyumba tusiizungumze."

Alikwenda. Alipofika hakuna aliyekuwa sebuleni. Kiti cha zamani kilikuwa kimesogezwa ukutani, na mbele ya zile mita kumi na sita za vioo, na mbao, na msitu, hapakuwa na mtu. Walikuwa jikoni. Rula alikuwa amelichora jiko hilo dogo, upande wa nyuma, na kidirisha kinachotazama tangi la maji, kwa sababu alidhani hakuna atakayekaa humo. Shemeji alikuwa ameegeshwa kando ya meza, karibu na jiko la gesi, na sufuria la viazi mapajani. Alikuwa anaosha viazi kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, anampa mkewe, mkewe anamenya.

"Kila nikimpeleka mbele anataka kurudi huku," dada alisema. "Nimeacha kumpeleka."

"Labda bado anaogopa kuwaona."

"Labda. Au labda alikuwa anataka kukaa na mtu, na sisi tukamweka na msitu." Alisema bila kumtazama. Kisha akakumbuka kwamba ni yeye aliyekataza maongezi hayo, akafunga mdomo. Alimsukumia mdogo wake kisu na kiazi juu ya meza.

Rula alivuta kigoda. Jiko lilikuwa dogo kiasi kwamba magoti yake yaligusana na magurudumu ya kiti. Walimenya. Dada alisimulia habari za ndugu mmoja aliyeoa mara ya pili kwa siri, na jinsi ilivyogundulika. Shemeji alicheka kwa pua, na Rula akacheka, na kwa muda pale mezani palikuwa karibu na kawaida. Aliaga saa kumi. Dada alimsindikiza hadi mlangoni, si hadi kwenye gari kama zamani. Akamwekea maparachichi mawili kwenye mfuko wa nailoni.

Jumatatu asubuhi Rula alikaa ofisini akaipiga namba ya mwenye kiwanda cha magodoro. Iliita mpaka ikakatika. Akaandika saa kwenye daftari, akangoja nusu saa, akapiga tena.